Hesabu ya lindo: majibu ya barua zenu kuhusu ovataimu

Barua za mwezi huu zinalalamikia jambo moja. Mkataba unasema jioni, mtu anatoka kazini usiku, na mwisho wa mwezi mshahara ni uleule. Nimechukua sita. Kwa wa Tanzania Bara, shikeni kwanza namba hizi kutoka Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki, siku 6 kwa wiki. Mapumziko ya chakula hayahesabiwi humo. Zinazozidi ni ovataimu, na kila saa hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa.

Shikamoo mama. Mimi ni mlinzi wa maghala. Naingia lindo saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Mshahara ni 234,000. Nikiulizia ovataimu naambiwa nilisaini mkataba wa saa 12, na kazi ya ulinzi ndivyo ilivyo. Ni kweli? (Mlinzi, Mbagala)

Marahaba mwanangu. Wamekudanganya. Mkataba wa maandishi wa zamu ya saa 12 bila ovataimu upo kisheria, lakini ni kwa siku zisizozidi 5 na saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Wewe unakesha siku 6.

Tufanye hesabu pamoja, chukua kalamu. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa 45 kupata wa saa. Yaani 234,000 kwa saa 195 hivi: shilingi 1,200 kwa saa. Saa yako ya ovataimu ni 1,800. Unafanya saa 72 kwa wiki, toa 45, zinabaki 27. Hiyo ni 48,600 kila wiki. Bado usiku: kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi sheria inaongeza asilimia 5 kwa kila saa, na kama saa hiyo ni ya ovataimu, asilimia 5 inapigwa juu ya kiwango cha ovataimu. Kwako ni 690 kwa kila usiku katika siku tano za kwanza, na 900 usiku wa sita, ambao wote ni ovataimu: 4,350 kwa wiki. Jumla 52,950. Kwa wiki nne ni 211,800, karibu mshahara mwingine mzima. Niliporudia hesabu hii mara ya pili nilisikia uchungu, maana najua walinzi wangapi wako kwenye zamu kama yako.

Watakwambia saa moja ilikuwa ya chakula. Wajibu kwamba ulikula hapohapo getini, macho yako kwenye ghala. Mapumziko ambayo unatakiwa uendelee kufanya kazi, au uwe tayari kwa kazi, yanalipwa. Na ovataimu yenyewe ina kikomo: saa 50 kwa wiki nne. Wewe unapigishwa 108.

Usiache lindo kwa hasira, utawapa sababu ya kukufukuza. Anza leo kuandika: tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, nani alikupokea lindo. Piga picha ratiba ya zamu ikibandikwa. Mimi nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye kiwanda cha kufungasha, na saa zangu niliziandika kurasa za nyuma za daftari la kikoba, kwa penseli, kila siku kabla ya kupanda daladala. Siku ya usuluhishi mwajiri alikuja na rejesta ambayo sote tulionekana tumetoka saa 11 jioni kamili, kila siku, mwaka mzima. Msuluhishi aliuliza inawezekanaje watu arobaini watoke dakika ileile kila siku. Kisha akaomba daftari langu. Tulilipwa, si zote, lakini tulilipwa.

Kwa hiyo andika mwezi mmoja, kisha peleka barua ya madai kwa mwajiri, pamoja na wenzako kama wanakubali, na mbaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Wakikaa kimya, afisa kazi wa eneo lako ana mamlaka ya kuingia kazini na kukagua kumbukumbu. Mkimwendea mko kumi, ni vigumu mwajiri kumtenga mmoja wenu.

Mimi ni keshia wa supamaketi. Tukifunga natakiwa kuhesabu fedha na kukabidhi, dakika 45 kila siku. Bosi anasema kufunga hesabu si kazi, ni uaminifu. (Keshia, Arusha)

Ni kazi. Kama zamu zako tayari zinafika saa 45 kwa wiki, hizo dakika 45 kwa siku sita ni saa nne na nusu za ovataimu kila wiki. Sheria inasema ovataimu ifanyike kwa makubaliano, kwa hiyo bosi achague: akulipe, au zamu yako ya mauzo iishe mapema ili kuhesabu kuingie ndani ya saa za kawaida. La pili wengi hulikubali haraka, lipendekeze hilo kwanza.

Nimepandishwa kuwa supavaiza kiwandani. Nyongeza ni 30,000, lakini ovataimu imekatwa kwa sababu "viongozi hawalipwi ovataimu". Napoteza kuliko ninachopata. (Supavaiza, Ubungo)

Cheo hicho nimekiona kikitumika hivi mara nyingi mno. Sheria inawaondoa kwenye kanuni za saa wale tu wanaosimamia wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri na pia wanaripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Yote mawili lazima yawepo. Umeandika kwamba unaripoti kwa meneja wa zamu, ambaye naye ana bosi wake, na kwamba kazi yako ni kuandika majina na kugawa glavu. Kwa maelezo hayo bado unalindwa. Omba majukumu yako kwa maandishi, na uliza kwa maandishi unaripoti kwa nani. Majibu ya barua hizo mbili yatakusaidia zaidi ya mabishano ofisini.

Niliacha kazi miezi mitano iliyopita, mgahawani. Sikuwahi kuwa na mkataba. Naweza kudai ovataimu ya miaka miwili? (Mpishi, Mwanza)

Ndugu yangu, umechelewa, na sitakuficha. Mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea, na ukiwa ni wa kuachishwa kazi ni siku 30. Nje ya hapo unaomba kwanza kuongezewa muda, na lazima ueleze kilichokuzuia kipindi chote ulichochelewa. Kulazwa hospitali, ukiwa na vyeti, ni sababu. Kutojua sheria hakusaidii. Kama unayo sababu ya kweli, nenda wiki hii: jaza fomu namba 1, mpelekee mwajiri nakala, rudi CMA na uthibitisho kwamba ameipokea. Huanza na usuluhishi, mkishindwana mnaingia kwenye uamuzi.

Kukosa mkataba kusikukatishe tamaa. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, na akishindwa kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha sharti mnalobishania unakuwa wake.

Sisi wa hotelini Nungwi, sheria hizi zinatuhusu? (Mhudumu)

Hapana, Zanzibar mna sheria yenu ya ajira, Namba 11 ya mwaka 2005. Msijaze fomu za CMA, nendeni Kamisheni ya Kazi huko Unguja. Ila daftari la saa anzeni nalo.

Mama, nina dada wa kazi, tunaishi naye. Anaamka saa 11 alfajiri kuandaa watoto, analala saa 5 usiku. Jumapili anapika tu. Baada ya kusoma mambo haya najiuliza, na mimi ni mwajiri mbaya? (Mama wa watoto watatu, Tabata)

Asante kwa kuuliza, kwa sababu yeye huenda hathubutu. Ndiyo, sheria inamhusu. Kutoka saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri ni saa 6 za kulala. Kawaida sheria inataka saa 12 za mapumziko mfululizo, na hata kwa anayeishi mahali pa kazi, kwa makubaliano ya maandishi, haziwezi kushuka chini ya 8. Na Jumapili ya "kupika tu" si mapumziko: anastahili saa 24 mfululizo kila wiki, na akikubali kufanya kazi siku hiyo kila saa ni mara mbili.

Anza na usiku. Vyombo vya chakula cha jioni waoshe watoto wakubwa au baba yao, yeye awe kitandani saa 3. Mchana watoto wakiwa shule, apate saa zake tatu ambazo humwiti. Jumapili akitaka kwenda kanisani au kwa shangazi yake, aende, arudi jioni, na chakula akikute kimepikwa. Kisha keti naye, muulize anaona mshahara wake vipi, na mkubaliane kwa maandishi. Ukishamaliza niandikie, nataka kujua alisema nini.