Nusu wembe, mtu mmoja

Maswali mengi ya wiki hii hapa Bukavu ni ya wembe wa kukunja, ule wa vinyozi unaotiwa nusu ya wembe wa kawaida.

Nikijinyoa shingoni natoka damu kila mara. Wembe wenyewe ni mbaya? (Kijana, Kadutu)

Wembe ni mzima, mkono wako ndio unaokandamiza. Swali hili nimeshalijibu mara nyingi, kwa hiyo safari hii soma mpaka mwisho. Makali haya hayahitaji nguvu. Ulaze wembe karibu na ngozi, nyuzi 30 hivi, ukiusimamisha, unaparura. Mkono wa pili ndio wenye kazi: uvute ngozi ikaze, hasa chini ya taya, ambako imelegea na hujikunja mbele ya makali. Nyoa vipande vifupi, sentimita mbili, suuza, endelea. Na ndevu za shingoni hazilali upande mmoja na za mashavuni. Kabla ya kupaka povu, pitisha vidole vikavu: upande vinakoteleza ndiko zinakolala, ufuate huo. Usiutembeze wembe kwa pembeni kama anayekata mkate, hapo ndipo watu wanapochanika. Ukikatika kidogo, bonyeza jiwe la shabu lililoloweshwa.

Wiki mbili za kwanza nyoa mashavu tu. Kidevu na shingo vimalizie kwa wembe uliouzoea.

Wazee walisema kinyozi hajinyoi. Mtu anaweza kweli kujinyoa na wembe huu?

Anaweza, akiwa na kioo na mwanga. Umeme ukikatika katikati, acha hapo hapo. Usimalizie kwa tochi ya simu.

Niunoe kwenye mkanda wa ngozi kama wa babu?

Hapana. Ukiisha makali, unatupwa. Utajua umekwisha pale unapoanza kuvuta ndevu badala ya kuzikata, usihesabu siku.

Nauvunjaje nusu bila kukata vidole?

Usiutoe kwenye karatasi yake. Ushike kwa ncha zake mbili fupi, ukunje kwa urefu, makali yaelekeane, mpaka usikie *tak*. Tia nusu moja kwenye mpini, kisha uinue kwenye mwanga: makali yawe yametoka sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Kona ikichungulia zaidi upande mmoja, hiyo ndiyo itakayokukata. Nusu ya pili irudi kwenye karatasi.

Mume wangu hutoka vipele kidevuni kila akinyoa. Atumie mafuta gani? (Mama, Nguba)

Mama, mafuta si dawa ya hilo. Nywele zetu hujikunja. Zikikatwa chini kabisa, ncha hurudi kuchoma ngozi kwa ndani. Apitishe wembe mara moja tu, kwa kufuata nywele, wala asirudie kinyume akitafuta ulaini wa shavu la mtoto. Vipele vikiendelea, aache wembe atumie mashine, abakishe milimita moja. Si kila kidevu ni cha wembe, na hakuna aibu.

Kinyozi wangu hutia wembe mpya mbele yangu. Hiyo inatosha? (Papa, Panzi)

Haitoshi, Papa, na nashukuru umeuliza. Wembe ni mpya, lakini mpini je? Ule mdomo unaobana wembe hubaki na povu na damu ya aliyekutangulia, na kitambaa kilichofuta watu kumi tangu asubuhi hakisafishi kitu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B hukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi. Mpini ufunguliwe, usuguliwe kwa sabuni, kisha ukae kwenye alkoli ya asilimia 70. Mwambie kinyozi waziwazi. Akikasirika, inuka utafute mwingine.

Nyumbani ni vilevile. Yaya, yaani kaka mkubwa, ananyoa, kadogo, mdogo wake, anapokea wembe ule ule, eti ni damu moja. Kila mtu awe na mpini wake na nusu yake. Na nyembe zilizokwisha zitieni kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, msizitupe kwenye mfuko wa takataka: huo mfuko hubebwa na watoto.