Kamera, minara na tochi: majibu kwa wasomaji wa kandokando ya ziwa

Mwalo wetu hapa Sengerema una kamera nne. Injini ya boti iliibwa. Polisi walipokuja kuchukua picha siku ya 14, hazikuwepo. Nani kazifuta?

Hakuna aliyefuta. Kamera inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hula karibu gigabaiti 21.6 kwa siku, kwa hiyo nne zinakula 86. Diski ya terabaiti 1 hujaa siku ya 12, kisha DVR, yaani mashine inayorekodi picha za kamera, inaanza kurekodi juu ya picha za zamani. Msisubiri askari. Siku hiyohiyo toeni nakala ya picha kwenye flashi bila kukata kipande chochote, andikeni nani kaitoa na saa ngapi, na DVR yenyewe ifungiwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime ushahidi ulivyotengenezwa na ulivyotunzwa.

Halafu saa. DVR nyingi hufika zikiwa na saa za China, GMT+8, na sisi tuko GMT+3, saa tano nyuma yao. Wizi wa saa 8 usiku utaandikwa 07:00, asubuhi kweupe, na wakili wa mshtakiwa ataanzia hapohapo. Rekebisheni leo.

Usiku kuna adui mwingine: wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi. Taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) zilizozunguka lenzi huwamulika walio karibu, na picha yote inakuwa madoa meupe. Buibui naye anafunga utando palepale. Hamishieni taa pembeni, mita moja au mbili kutoka kwenye kamera, na lenzi ifutwe kila wiki.

Simu yangu imeibiwa Ukerewe. Polisi wanasema iko upande wa Nansio, lakini nyumba hawaijui. Wananificha?

Hawakufichi. Mtandao wa 2G hukisia umbali kutoka mnarani kwa hatua za mita 550 hivi, na penye mnara mmoja haujui upande hasa. Juu ya maji mawimbi hayana kizuizi, hivyo simu inaweza kushika mnara wa ng'ambo. Chukua RB (namba ya taarifa yako polisi), uwape IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15 iliyo kwenye boksi. Ambaye hajaibiwa apige *#06# sasa na kuiandika daftarini.

Askari amenisimamisha Magu, anataka nifungue simu asome meseji. Ana haki?

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 31, inampa mkuu wa kituo mamlaka ya kutoa amri ya upekuzi akiwa na sababu za msingi. Uliza kwa upole: nashukiwa kosa gani, na nani katoa amri? Simu ikichukuliwa, dai hati yenye aina ya simu na IMEI, usome kabla ya kusaini.

Nimepigwa tochi, kile kipima kasi cha trafiki, pale Usagara. Askari alisimama pembeni mno. Si ndiyo maana kasi imezidi?

Kinyume chake. Pembe hupunguza kasi inayosomwa: kwa nyuzi 20, kilomita 50 kwa saa husomeka 47. Omba kuona picha, uhakikishe namba ni ya gari lako na tarehe na saa ni sahihi.