Paka mgeni mwenye mshono: mwache atulie kwanza

Pole dada. Paka uliyemchukua hapo Ngamiani, Tanga, ametolewa kizazi juzi, na sasa kajichimbia chini ya kitanda, chakula hagusi. Kujificha si ugonjwa, nyumba ni ngeni kwake. Usimvute. Mpe chumba kimoja kidogo, mlango ufungwe, boksi lililolazwa ubavu na khanga kuukuu ndani yake.

Kwenye beseni lake la choo usimwekee mchanga kwa siku 10 hadi 14, maana chembe hunasa kwenye mshono. Badala yake chana magazeti, ujaze beseni hilo.

Chemsha samaki bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, toa miiba yote, umpe kijiko kimoja cha chai kikiwa vuguvugu. Harufu ndiyo inayomwamsha hamu. Saa 24 zikipita bila kula chochote, mrudishe kwa daktari wa mifugo. Ini la paka halivumilii njaa.

Kagua mshono asubuhi na jioni. Wekundu kidogo wa ukingoni ni kawaida. Usaha, harufu, uvimbe unaokua au uzi kuachia, hapo usingoje kesho. Kwa joto letu la Tanga weka wavu dirishani, nzi wasitage kidondani. Kola ya shingoni, ile koni pana inayomzuia kufikia mshono, asivuliwe, kulamba ndiko kunakofumua nyuzi. Spiriti usipake, na usimwogeshe.

Na tafadhali sana: panado hapana, hata robo kidonge. Inamuua.