Mbwa aliyefungiwa gizani humng'ata nani?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu watoto wa mbwa. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu jambo lake naletewa kliniki hapa Morogoro mara kwa mara na linaniumiza kila ninapoliona.

Mama wa watoto wawili, Kibaha: Shikamoo daktari. Mume wangu ameleta mbwa mdogo wa wiki nane, chotara wa Jemani shepadi, kwa ajili ya ulinzi. Jirani aliyefuga mbwa miaka mingi ametushauri tumfungie bandani, dirisha tulizibe kwa gunia, asione watu wala asichezewe na watoto mpaka atimize mwaka, na chakula chake tukitie pilipili. Anasema hapo ndipo atakuwa mkali. Usiku kucha analia, na watoto wangu nao wanalia. Tufanyeje?

Marahaba mwanangu. Mtoe leo.

Mtoto wa mbwa ana kipindi chake cha kuijua dunia. Kinaanza akiwa na wiki kama tatu na kinaisha akiwa na wiki 12 hadi 14. Kitu anachokutana nacho wakati huo bila kuumizwa, iwe mtu, sauti au mnyama mwingine, anakichukulia kuwa cha kawaida maisha yake yote. Kipindi hicho kikishapita, kila kigeni humtia hofu kwanza, na kumzoesha kunachukua miezi. Huyo wenu ana wiki nane, kwa hiyo mmebakiwa na mwezi mmoja hivi, na msikubali upotelee kwenye giza.

Jirani yenu amechanganya ukali na woga. Mbwa waliolelewa hivyo naletewa kuwachanja. Anaingia akiburuzwa, tumbo linagusa sakafu, mkia ameubana katikati ya miguu, masikio yamelala nyuma, weupe wa jicho umetokeza pembeni. Analamba pua yake tena na tena na hakuna chakula mbele yake. Mwenye mbwa ananiambia kwa fahari, "Daktari, huyu ni hatari." Ninyooshapo mkono polepole, mbwa anajikojolea palepale. Nikisogea zaidi, ananing'ata, maana amekosa pa kukimbilia.

Mbwa wa namna hiyo akikutana na mwizi mzoefu atajibana nyuma ya tangi la maji. Atakayemng'ata ni mtu anayemkaribia bila kujihadhari: mtoto aliyefuata mpira, dada wa kazi anayepeleka chakula, shangazi aliyekuja kusalimia. Ukiuliza hospitali kuhusu watu wanaong'atwa na mbwa wa nyumbani, utakuta wengi ni watoto, na mbwa ni wa kwao au wa jirani.

Ulinzi mbwa anao mwenyewe. Wengi huanza kubwekea wageni wanapokaribia kupevuka, kati ya miezi sita na mwaka na nusu, hata kama hakuna aliyewafundisha. Mbwa anayewajua watu wa nyumbani, anayejua muuza maziwa huja asubuhi na watoto hurudi shule mchana, ndiye atakayetambua kwamba mtu anayeruka ukuta saa nane za usiku hana shughuli njema. Aliyefungiwa hana cha kulinganisha. Kwake kila hatua ni adui, atabweka usiku kucha mpaka mtazoea kelele zake na kutotoka tena kuangalia.

Basi fanyeni hivi. Alale karibu na watu wiki za mwanzo, hata kwenye boksi lenye kanga kuukuu barazani, kwa sababu anacholilia ni mama yake na wenzake. Kila jioni mtu mmoja ampakate, amshike masikio, amfunue mdomo aone meno, amguse kila ukucha, na kila hatua ampe kipande cha dagaa. Mkono mtupu haulambwi. Mbwa aliyezoeshwa hivyo, hata akiwa na kilo 35, nitamchunguza mdomo bila kumfunga kamba.

Akutane na watu wa kila namna: mzee mwenye bakora, mama aliyebeba ndoo kichwani, mwanamume mwenye kofia ya pikipiki, mwanamke aliyevaa baibui, mtoto anayekimbia. Asilazimishwe kuwasogelea. Mgeni akae chini, asimkazie macho, aweke dagaa pembeni na kumwacha aje mwenyewe. Bodaboda mzoesheni nayo ikiwa imezimwa, alie chakula kando yake. Siku nyingine iwashwe akiwa mbali, kisha umbali upungue kidogo kidogo. Akiacha kula, mmekwenda haraka mno, rudini nyuma.

Kuna tahadhari moja. Chanjo zake hazijakamilika, kwa hiyo msimweke chini sokoni, jalalani wala mahali mbwa wengine wanapopita. Mbebeni, au mtieni kwenye kapu, aone na kusikia akiwa mikononi. Nyumba ya rafiki mwenye mbwa mzima aliyechanjwa anaweza kwenda na akacheza hukohuko.

Watoto wacheze naye, mtu mzima akiwepo. Akiwang'ata kwa mchezo, na atawang'ata, wasimpige wala kupiga mayowe ya kumchangamsha. Waache kucheza, wasimame, wamgeuzie mgongo. Kwa siku chache atajifunza kwamba jino likigusa ngozi, mchezo umekwisha.

Pilipili itamuunguza tumbo tu. Wapo pia wanaompa mbwa bangi. Hiyo ni sumu kwake, na nimewahi kuwatibu mbwa walioletwa wakiyumba, hawawezi hata kusimama.

Msomaji wa Mbeya: Mbwa wangu wa miezi mitatu alianza kutapika Jumatatu, akaharisha damu yenye harufu kali sana, Alhamisi akafa. Tulimpa maziwa na mafuta ya nazi tukidhani kalishwa sumu. Watoto wanataka mwingine wiki hii. Je, nilete?

Pole sana, wewe na watoto. Ulivyoeleza, na hasa harufu ile ambayo aliyewahi kuinusa haisahau, inafanana sana na parvo. Ni kirusi kilichojitokeza duniani mwishoni mwa miaka ya 1970, na hushambulia utumbo wa mtoto wa mbwa hadi ngozi yake ya ndani inabanduka. Hakuna dawa ya kukiua kikiwa mwilini. Tunachofanya ni kumpa mbwa maji kwa dripu, dawa ya kuzuia kutapika na antibayotiki za kuzuia vijidudu vingine visiingie kwenye damu, tukimsaidia mpaka mwili ushinde. Wakiletwa siku ya kwanza, wengi hupona. Wakiletwa siku ya tatu tayari macho yameingia ndani. Kwa hiyo mtoto wa mbwa akitapika na kukataa chakula, usingoje kesho.

Usilete mwingine wiki hii. Kirusi hiki hukaa uani kwa miezi, pengine hata mwaka, hasa penye kivuli na unyevu. Choma au uzike kwa kina matandiko yake na vyombo vya plastiki vilivyochubuka. Sakafu ya saruji ioshe kwanza kwa sabuni mpaka uchafu uishe, kisha mwagia jiki, kikombe kimoja kwenye vikombe 30 vya maji, na uiache dakika kumi kabla ya kusuuza. Sabuni peke yake haikiui. Kwenye udongo jiki haifanyi kazi vizuri. Palipo na jua kali fyeka nyasi liingie.

Watoto wakishindwa kusubiri, chukueni mbwa mkubwa aliyekwisha kuchanjwa. Wapo wengi wanaotafuta nyumba, na mbwa wetu wa kienyeji ni rafiki mzuri sana. Mkitaka mdogo, aje akiwa amemaliza chanjo. Ya kwanza huchomwa akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka apite wiki 16. Watu wengi hukomea ya kwanza wakadhani wamemaliza. Kinga aliyopewa na mama yake kwenye maziwa ya mwanzo inaweza kuizuia chanjo isishike, na kwa kila mbwa kinga hiyo huisha kwa wakati wake. Ndiyo maana tunarudia.

Baba wa mtoto, Bunda: Mwanangu wa miaka sita ameng'atwa mkononi na mbwa mdogo asiyejulikana kwao. Jeraha ni dogo, bibi yake amepaka majivu. Mbwa katoweka. Je, tuangalie kwanza hali yake?

Barua hii sikungoja toleo litoke, nilimpigia baba huyu simu. Mtoto alipelekwa hospitali na anaendelea na sindano zake. Naiandika kwa ajili ya mwingine.

Hakuna kuangalia hali. Kichaa cha mbwa hupita kwenye mishipa ya fahamu kikielekea ubongoni, na dalili mara nyingi hutokea baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, wakati jeraha limepona na watu wamesahau. Zikishaanza, mtoto akaogopa maji na kushindwa kumeza, karibu hakuna anayepona. Kabla hazijaanza, anaokolewa. Tunalijua hilo tangu 1885, Louis Pasteur alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa ameng'atwa vibaya, naye akaishi.

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, tazama saa. Majivu, tumbaku, nywele za mbwa zilizochomwa, vyote viache. Halafu hospitali siku hiyohiyo, na kila tarehe watakayokupa urudi, hata kama mtoto anacheza vizuri. Udogo wa mbwa usikudanganye, kwa sababu mtoto wa mbwa huambukizwa kama mkubwa. Mbwa akijulikana, msimuue kwa marungu. Afungiwe peke yake siku kumi na afisa mifugo amwangalie. Na mbwa akiachama taya na kutoa udenda, usitie mkono mdomoni ukidhani kakwamwa na mfupa.

Mbwa wenu wachanjwe wakiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi mtunze. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba, tarehe aliyofariki Pasteur, na karibu na siku hiyo halmashauri nyingi huchanja bila malipo. Peleka wako, na mwambie jirani apeleke wake. Tukichanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa hukosa pa kupita.

Kijana wa Tanga: Mbwa wangu ana miezi minne na anapenda watu kupita kiasi. Jirani yangu ni mzee wa Kiislamu, na juzi alirukiwa akiwa na kanzu anakwenda kuswali Ijumaa. Nimeomba radhi lakini naona haya. Nimfunge daima?

Umefanya vyema kuomba radhi. Waislamu wengi wa pwani wanafuata madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito. Palipoguswa panaoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo sekunde moja ya furaha ya mbwa wako ilimrudisha mzee nyumbani na pengine kumkosesha swala. Mkubalie kwamba ni jambo kubwa.

Kumfunga daima kutamharibu mbwa. Tengeneza geti linalofungika vizuri, na nyakati za swala, hasa Ijumaa mchana, awe ndani. Kisha mfundishe kwamba miguu minne ikiwa chini ndipo anapata kitu. Akiruka, geuka, mnyime macho, maneno na mikono, maana hata kumsukuma anaona mchezo. Akitua, mpe dagaa papo hapo na umsifu kwa sauti ya chini. Nyumba nzima ifanye hivyohivyo. Mdogo wako akimruhusu kumrukia anaporudi shule, kazi yako yote imepotea. Ongeza neno "kaa" na umfundishe kabla ya mgeni kufika, siyo wakati amekwisha kupagawa. Nje ya geti atembee kwa kamba, na mzee akitokea, vukeni upande wa pili wa njia. Akiliona hilo mara kadhaa, mtazungumza vizuri tu.

Msomaji wa Arusha: Maswali mawili. Oili chafu ya gari inaua kupe na upele? Na unga wa mahindi ulioota ukungu, mbwa anaweza kula?

Yote mawili hapana. Oili chafu hupenya kwenye ngozi, na mbwa huilamba, akaumia ini na figo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo usiikadirie kwa macho, watoto wa mbwa huifia. Mpime uzito, nenda kwa mtaalamu, upewe ya mbwa kwa kipimo chake. Kupe mmoja mmoja mtoe kwa kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Angalia ndani ya masikio na katikati ya vidole. Kupe wa mbwa hutagia kwenye nyufa za kuta, kwa hiyo ziba nyufa na upulizie banda pia. Fizi zikipauka au pua ikitoka damu, ni haraka.

Ukungu kwenye mahindi huweza kuwa na sumukuvu, na ini la mbwa huathirika nayo upesi sana. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Kuipika haiiondoi, wala kuuchekecha unga. Utupe mahali ambapo kuku nao hawataufikia.