Kabla Hujalipia Subaru B4, Soma Yaliyonikuta Mimi

Juzi msomaji mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Dada, tumevunja kikoba, hela ninayo. Nataka Subaru Legacy B4, ile ya umbo la mwisho. Naona kuna ya kawaida na kuna Limited. Wewe unayo, nichukue ipi? Na rangi gani haichoshi?"

Swali la rangi lilinichekesha. Halafu kicheko kikakatika, maana mwaka 2021 na mimi tulivunja kikoba, na mimi pia nilianzia kwenye rangi. Nilitaka nyeupe ya lulu, na nyeupe ya lulu niliipata. Mengine yote nimeyajua gari likiwa tayari barazani.

Kwanza tuelewane ni gari lipi, maana Legacy zipo tangu 1989 na watu wanazichanganya. Ile ya zamani iliyojaa Dar, ukifungua mlango kioo kinasimama chenyewe bila fremu, siyo hii. Mwaka 2009 likaja umbo jingine, likapewa fremu. Baada ya hilo ndipo ikaja hii ninayoiendesha, iliyotoka Japani Oktoba 2014, chasisi yake inaanza na BN9. Ni sedani, yaani gari la chini lenye buti nyuma, ndefu karibu mita 4.8, na pana kuliko zilizotangulia. Injini ni moja tu, FB25 ya lita 2.5 yenye nguvu farasi 175, silinda zimelala ubavu, haina tabo. Gia zake ni CVT, aina ya otomatiki. Nguvu inakwenda tairi zote nne wakati wote, huna kitufe cha kubonyeza wala mkono wa kuvuta. Japani waliacha kuiuza mwaka 2020, kwa hiyo anayekwambia analo la 2022 kutoka Japani, muage kwa heshima.

Na gredi, yaani ngazi za vifaa vya kiwandani, zilikuwa mbili: B4, na B4 Limited. Hapo ndipo nilipoumia.

Ofisi ya dalali wangu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la simu, AC kali mpaka nikajitanda mtandio vizuri. Nilikwenda nimejiandaa. Nilikuwa nimesoma usiku kucha, najua Limited ina rimu za inchi 18, shokapu za namna yake, na nyingi zina viti vya ngozi. Nikamuuliza, "Kaka, hii ni gredi gani?" Akatabasamu. "Dada angu, usiumize kichwa. Hiyo ni gredi nne na nusu."

Nne na nusu! Nilirudi nyumbani nikamwambia baba watoto tumepata gredi ya juu. Nikamwambia na mama mkwe kwa simu. Kwenye kikoba sikusema, lakini nilihakikisha wanajua.

Gari lilipotoka bandarini nikafungua mlango: viti vya kitambaa. Rimu inchi 17. Nikampigia. Akasema, taratibu kabisa, kama anamfundisha mtoto, "Dada, si nilikwambia nne na nusu?"

Na hakudanganya, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nne na nusu ni alama ya mnada. Mkaguzi wa mnadani kule Japani anazunguka gari, anaangalia mikwaruzo, kutu, rangi iliyorudiwa, kisha anaandika namba: 5, 4.5, 4, 3.5, au R kwa lililowahi kupigwa likatengenezwa. Ndani ya gari nako anaweka herufi, A, B, C. Alama hiyo inakueleza hali ya gari lenyewe, haikwambii kama ni Limited au si Limited. Nilimuuliza gredi ya kiwandani, akanijibu gredi ya mnadani, na alijua kabisa nimeuliza ipi. Siku hizi nikipita mtaa ule natazama upande wa pili.

Dada zangu, hebu nisimame hapa kidogo. Tunaambiwa "usiumize kichwa" kwenye gari, kwenye kiwanja, kwenye mkopo. Kichwa ni chako, kiumize. Omba karatasi ya mnada yenyewe, si maelezo yake. Jina la gredi limeandikwa juu yake kwa Kijapani. Mtu yeyote mwenye simu ya kupiga picha na kutafsiri ataliona kama Limited ipo au haipo. Kazi ya dakika mbili ambayo mimi sikuifanya, mtu mzima ninayepokea dawa za mamilioni dukani kwangu na kukagua tarehe ya kila boksi.

Sasa nikwambieni kichekesho. Ile gredi niliyoililia ningeijutia. Rafiki yangu ana Limited. Tairi zake ni 225/50 za inchi 18, zangu 225/55 za inchi 17. Hiyo tofauti ya unene wa ubavu wa tairi ndiyo inayokutana na mashimo ya barabara zetu kabla ya rimu. Yeye ameshanyoosha rimu mara mbili, mimi bado. Ngozi zake watoto walimaliza kuzichora mwaka wa kwanza. Vilivyo vya maana viko kwenye gredi zote mbili: injini ileile, mfumo uleule wa tairi nne, breki ya mkono ya umeme, padali za gia kwenye usukani, na EyeSight.

EyeSight nitaisifia kisha niilaumu. Ni kamera mbili zilizobanwa juu ya kioo cha mbele, moja kila upande wa kioo cha kutazamia nyuma. Zinapima umbali kama macho yako yanavyopima, kwa kulinganisha picha mbili. Barabara ya Chalinze ukiwa nyuma ya lori, unaweka mwendo, gari linapunguza lenyewe na kuongeza lenyewe. Kwenye vijiji vya hamsini nikiiweka hamsini, tochi hazinipati. Na siku moja pale Mbezi boda kakatiza ghafla, gari likashika breki kabla mguu wangu haujafika. Yule kijana hajui kama yuko hai kwa sababu ya kamera mbili za Subaru. Alinitukana, akaondoka.

Desemba ya 2021 tulikwenda Kibosho, ukweni. Shemeji yangu mmoja, ambaye simtaji lakini akisoma atajijua, alikuwa amenicheka tangu Dar. "Shemeji, sedani mlimani? Ungeongeza kidogo uchukue gari la juu kama langu." Lake ni la juu kweli, refu kama kabati. Mvua ikanyesha siku mbili. Njia ya kuingia kihambani ina kona na mwinuko, udongo mwekundu ukilowa unakuwa kama sabuni. Yeye alitangulia. Katikati ya mwinuko tairi za mbele zikaanza kuzunguka bure, za nyuma zimetulia hazina habari, kwa sababu gari lile linavutwa na tairi za mbele tu. Urefu wote ule! Vijana wakatoka migombani kusukuma.

Njia ilipokuwa wazi, baba watoto akaniambia nimwachie usukani. Nikakataa. Nilipanda taratibu, gari likiteleza kidogo na kujishika, likiteleza na kujishika, mpaka uani. Mama mkwe alitoka akapiga vigelegele. Nimeolewa miaka kumi na moja, sijawahi kupigiwa vigelegele na mama mkwe kwa jambo jingine.

Kinachofanyika pale chini ni kwamba ndani ya gia boksi kuna kilachi inayogawa nguvu, kwa kawaida kama asilimia 60 mbele na 40 nyuma, na mbele zikianza kuteleza inapeleka zaidi nyuma. Hakuna cha ajabu zaidi ya hapo. Ila lazima nikiri, sehemu ya tuta katikati ya njia niliacha kipande cha plastiki ya chini ya bampa. B4 imenyanyuka sentimita 15 tu kutoka ardhini. Ndugu yake Outback ana 20, Forester ya miaka hiyo 22, na hao ndio wenye kitufe cha X-Mode cha kwenye utelezi. B4 haina. Kama kwenu njia ina mawe, chukua hao. Na kushuka ni habari nyingine kabisa: tairi nne kuvuta hakukusaidii kusimama. Wakati wa kushuka nilikuwa natetemeka, nimeshikilia gia ya chini kwa padali, nasali Rozari.

Sasa lawama. Mwaka 2023, karibu na Segera, lori liliturushia jiwe, kioo cha mbele kikapasuka kutoka pembeni hadi katikati. Fundi kaniwekea kioo kwa bei nzuri, cha gari lilelile, kakisafisha kinang'aa. Kuwasha gari, taa ya njano, maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi, EyeSight imezima. Mwendo wa kujiendesha nao umekufa. Fundi akasema, "Mama, hiyo taa ni urembo tu, gari si linakimbia?" Kioo cha gari lenye kamera kinatakiwa kiwe safi kwa kiwango chake pale kamera zinapotazamia, na kikishabadilishwa kamera zinapangwa upya kwa kompyuta, gari limesimama sawa mbele ya ubao maalumu. Nilisubiri miezi miwili na kulipa zaidi ya milioni kwa kosa la kutafuta nafuu. Tangu hapo naacha umbali mkubwa nyuma ya malori, hata mtu akipiga honi. Na ujue pia, taa ya injini ikiwaka kwa sababu yoyote ile, EyeSight inajizima nayo. Usikimbilie kufungua kamera, anza na injini.

Ungedhani nilishajifunza kuhusu nafuu. Mwaka uliofuata tairi za mbele zikaisha, nikanunua mbili. Mbili tu, nikaziweka mbele, za nyuma zikabaki na upara wake. Baada ya wiki tatu gari likaanza kubana nikikata kona maegeshoni, kama mtu kalishika mkia. Fundi mwingine, mzee wa Tabata, hakufungua hata boneti. Aliinama, akapitisha kidole kwenye tairi za mbele, kisha za nyuma, akanitazama. Tairi mpya ina mzingo mkubwa kuliko iliyolika, kwa hiyo mbele na nyuma zinazunguka kwa kasi tofauti hata barabara ikiwa imenyooka, na ile kilachi inadhani kuna utelezi muda wote. Inafanya kazi bila kupumzika, inachemka, na kilachi ya gia boksi si bei ya tairi. Nikanunua nne. Kwa hiyo jumla nilinunua sita. Nne kwa pamoja, aina moja, saizi moja, na kuzihamisha mbele na nyuma kila kilomita 10,000. Kama huwezi kununua tairi nne siku moja, bado hujafika kwenye gari la kuvuta tairi nne (AWD), na si aibu kusubiri.

Mengine ni madogo. Redio yake ni ya Japani, inaanzia 76 na inaishia chini ya stesheni zetu nyingi, utahitaji kifaa cha kuongeza masafa au redio mpya. Ramani inaongea Kijapani na inaamini niko baharini. Mafuta napata kilomita 9 kwa lita mjini, 12 au 13 safari ndefu. Kodi, kumbuka cc zake ni 2498, halafu hesabu umri, maana likifika miaka 8 kuna tozo ya uchakavu. Wanaotaka kushuka kwenye umbo la 2009 kwa sababu ya bei, zile za lita 2.5 za kabla ya 2012 zina mkanda wa taiming wa kubadilisha kila kilomita 100,000. Hii ya kwangu ina cheni.

Kwa hiyo dada wa Mwanza nilimjibu: chukua B4 ya kawaida, weka akiba hela ya kioo na tairi. Akaonekana kuvunjika moyo kidogo, akaniuliza tena rangi. Nikamwambia alete karatasi ya mnada.

Ijumaa kanitumia. Ni 4.5, ndani B, rimu 17, jina la Limited halipo, na dalali wake amemwambia ni "full", yaani lina kila kitu. Kwenye picha tairi za mbele ni za kampuni moja na za nyuma ni za nyingine. Nimemwambia aombe picha ya karibu ya kioo cha mbele, pale juu katikati kwenye kamera, na picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa. Dalali kamjibu asiumize kichwa. Leo ni siku ya nne, picha hazijaja.