Miji ya mbali kuasi kwenye Rome: Total War

Mkuu, kwenye mchezo huu wa kompyuta wa kujenga milki, kama mji wa mbali kama Antioch, kule mashariki, unaasi kila baada ya zamu chache, usikimbilie kupeleka askari wa bei kali. Fungua maelezo ya mji, uangalie mstari wa utulivu. Vinavyouvuta chini kwa kawaida ni umbali kutoka makao makuu, uchafu na utamaduni wa kigeni.

Umbali: hamishia makao makuu mji ulio katikati ya milki, kitufe kipo humohumo kwenye maelezo ya mji. Wengi hawakigusi kabisa, wanang'ang'ania mji walioanza nao hadi mashariki yote inawaka.

Uchafu hupanda na idadi ya watu. Kwa hiyo mji mkubwa wa kigeni ukiuteka, ukichagua kuukalia tu umejitafutia balaa. Angamiza wakazi, au wafanye watumwa, ambao husambazwa kwenye miji yako yenye magavana. Usijenge mashamba huko: yanaongeza watu na hayabomoleki tena. Hekalu la kigeni bomoa, jenga lako.

Kwa kulinda mji weka wakulima, kile kikosi cha bei rahisi. Kinachohesabiwa ni vichwa, si ubora wa upanga. Kodi iteremshe kwa muda tu, maana kodi ndogo nayo huzalisha watu.