Wasomaji Wauliza: Pensheni ya Uingereza niende kuilia Malindi ama Jamaika?

SWALI: Habari ya kazi. Mimi ni nesi hapa Leicester, nilikuja 1994 kutoka Malindi, nimefanya kazi miaka 31, sa hizi niko na miaka 64 na pensheni ya serikali nitaanza kupata nikifika 67. Bwanangu ni mzaliwa wa Jamaika, yeye ashastaafu. Baridi imetushinda jamani, magoti yangu hayataki tena ngazi wala barafu, na bili ya gesi inakula kila kitu. Mimi nasema twende Malindi, yeye anasema twende kwao, tumebishana mpaka watoto wamechoka na sisi. Sasa kuna mtu kanisani ameniambia ukienda Kenya pensheni "inaganda", sikumuelewa. Na paspoti ya Kenya sina, nilichukua ya Uingereza 2006. Nishauri. (Mama wa Watatu, Leicester)

JIBU: Dada yangu, huyo mtu wa kanisani hajakudanganya, na natamani kila mtu wetu aliye Uingereza angeambiwa hayo maneno akiwa na miaka 50, sio siku ya kufunga mizigo.

Iko hivi. Pensheni ya serikali ya Uingereza utalipwa popote utakapokuwa duniani, hapo hakuna shida. Shida ni nyongeza. Kila Aprili wanaongeza kiwango, lakini hiyo nyongeza inakufuata tu kama unaishi nchi za Ulaya zilizo kwenye utaratibu huo ama nchi yenye mkataba na Uingereza unaoruhusu. Jamaika wanao. Mauritius wanao, Ufilipino wanao, Marekani pia. Kenya hatuna, Tanzania hawana, Uganda hawana, hata wale wazee wa Kizungu waliofuata watoto wao Kanada na Australia hawapati. Ukitua Malindi, kiwango ulichotua nacho ndo hicho hicho mwaka nenda mwaka rudi.

Chukua mfano wa watu wawili walioanza pensheni mpya ilipoanzishwa Aprili 2016, kiwango kamili kilikuwa pauni 155.65 kwa wiki. Mmoja akabaki Leicester, mwingine akarudi Kenya. Ilipofika Aprili 2025 wa Leicester alikuwa anapata 230.25, na wa Kenya bado 155.65. Hiyo tofauti ni karibu pauni 3,880 kwa mwaka, na wote walilipa makato yale yale kazini. Kuna mama aliyekuwa Afrika Kusini, Annette Carson, alipeleka hii kesi mpaka mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya kule Strasbourg na Machi 2010 majaji 11 kwa 6 wakaamua serikali haijavunja haki zake. Mimi naona ni uonevu na nitaendelea kusema ni uonevu, lakini usipange uzee wako ukitegemea watabadilisha.

Niliona kwa macho yangu inavyokuwa. Kuna mzee Mtwapa, alikuwa dereva wa basi London, akarudi 2001. Ana daftari la shule, lile la mistari, kila mwezi anachora safu: unga, stima, dawa za presha, mshahara wa kijana wa kumsaidia. Nilifungua kurasa za miaka ya nyuma nikaenda nazo mbele. Unga unapanda, stima inapanda, dawa zinapanda, na ile safu ya mwisho, pauni za pensheni kwa wiki, aliyoandika kwa kalamu nyekundu ni 72.50, 72.50, 72.50, ukurasa baada ya ukurasa, zaidi ya miaka ishirini. Shilingi ikianguka anapata afueni kidogo, lakini bei za dukani hazichukui muda kuifikia. Akaniambia mwaka mmoja ile fomu wanayowatumia wazee walioko nje ya kuthibitisha kwamba bado uko hai ilikaa kwenye sanduku la posta yeye akiwa amelazwa, fomu haikurudi, malipo yakasimama, akakopa kwa mwenye duka. Kwa hiyo ukirudi, mtu mmoja unayemwamini awe na ufunguo wa hilo sanduku.

Sasa tupige yako. Uingereza wana kanuni kwamba kila mwaka pensheni inapanda kwa mshahara, ama kwa bei za vitu, ama asilimia 2.5, ile iliyo kubwa zaidi. Tuseme ni ile 2.5 tu na kanuni haibadilishwi, na tuseme unaanza na 230.25: ukiwa Jamaika baada ya miaka 20 utakuwa unapata kama pauni 377 kwa wiki. Ukiwa Malindi ni 230.25. Na ukishapita umri wa miaka 80 ndo unahitaji mtu wa kukusaidia kuoga na kukupeleka kliniki, yaani pesa inapungua nguvu wakati wewe pia unapungua nguvu. Watu wengi wanapiga hesabu ya mwaka wa kwanza pekee, wanaona nyumba ya kukodi ni rahisi na samaki ni wa leo leo, wanasema tumefika.

Lakini usikate tamaa na Malindi, kwa sababu wewe ni nesi na una pensheni ya pili. Ile ya NHS (huduma ya afya ya serikali ya Uingereza), ya kazini, haigandi! Inaongezwa kila mwaka kufuatana na bei hata ukikaa mwezini. Kwa hiyo kipimo changu kwako ni hiki: piga bajeti ya mwezi ya Malindi, chakula, stima, maji, mtu wa kukusaidia, nauli za matibabu, alafu uone kama pensheni ya NHS peke yake inaibeba. Ikiibeba, nenda kwenu. Isipoibeba, bwanako ana hoja.

Tena omba yale makadirio ya pensheni kwenye tovuti ya serikali leo, usingoje. Kiwango kamili kinatajwa kuwa miaka 35 ya makato (chini ya 10 hupati kitu), lakini watu wa NHS mpaka 2016 makato yenu yalikuwa ya chini kwa vile mfuko wenu ulikuwa umejitoa kwenye sehemu ya pensheni ya serikali, kwa hiyo unaweza kuwa na 35 na bado usifike kiwango kamili. Kama kuna mwaka uliokosa makato na unaruhusiwa kuulipia, ulipie kabla hujaondoka, maana utakachoondoka nacho ndo kinagandishwa.

Na jambo ambalo watu hawalijui: kuganda sio kifungo cha maisha. Ukihama Kenya ukaenda Jamaika, ama ukirudi Uingereza kuishi, inapandishwa mpaka kiwango cha wakati huo. Na kinyume chake, mkikaa Jamaika miaka kumi kwanza alafu mje Malindi, itaganda pale ilipofika, sio pale ilipoanzia. Huenda hapo ndo mkapatana nyumbani.

Matibabu. Ukihamia nje moja kwa moja, NHS ya bure hospitalini inakwisha, kwa sababu inaenda na makazi, haiangalii ulilipa miaka mingapi. Kenya tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ni SHA badala ya NHIF, jiandikishe mapema, lakini usiitegemee peke yake kwa mambo makubwa. Bima za binafsi nyingi hazimtaki mtu mpya aliyepita 65, ama zinamtaka kwa bei ya kuumiza, na ugonjwa ulio nao tayari, kama magoti yako, wanauweka kando kwa muda. Mimi ningeweka akiba ya hospitali akaunti tofauti, kwa pauni, isiguswe kwa harusi wala kwa ploti ya mtu.

Paspoti: ulipochukua ya Uingereza 2006, kwa katiba ya zamani ulipoteza uraia wa Kenya. Katiba ya 2010 imeruhusu uraia wa nchi mbili na aliyezaliwa Mkenya anaweza kuurudisha kwa kuomba. Omba hapo hapo ubalozini London kabla ya kununua chochote, maana asiye raia haruhusiwi kumiliki shamba moja kwa moja, anapewa lisi, yaani haki ya kukodi, isiyozidi miaka 99. Ukisharudisha, bwanako naye ana njia ya kukaa kama mume wa raia, na ndoa ikishafika miaka saba anaweza kuomba uraia mwenyewe.

Nyumba ya Leicester usiiuze kwanza. Ipangisheni, mkodi Malindi miezi sita ikiwemo ile ya mvua kubwa, Aprili na Mei, sio Disemba pekee. Mwone chumvi ya bahari inavyokula friji na vyuma vya madirisha, mwone usiku wa manane mkiugua mnaenda wapi. Alafu mfanye hivyo hivyo kwao Jamaika, na Agosti muwepo, wakati wa vimbunga.

SWALI: Shikamoo. Niko Reading, nimezaliwa Tanga, nina paspoti ya Uingereza tangu 2009. Nataka kustaafia Bagamoyo, kuna kiwanja kizuri na mpwa wangu anasema tuandike jina lake sababu mimi si raia tena. Ni sawa? (Baba Z.)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, usiandike jina la mpwa. Sio kwamba namshuku, simjui, ila kijana akifariki kesho hicho kiwanja ni mirathi ya mke na watoto wake, na wewe huna karatasi hata moja ya kusimama nayo barazani. Sheria ya Tanzania mtu mzima akichukua uraia mwingine wa Tanzania unakwisha, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Ila mwaka 2025 sheria za uhamiaji na ardhi zilirekebishwa zikaleta hadhi maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania, sio uraia, lakini imefungua mlango wa kuishi na kumiliki ardhi. Anza na hiyo, alafu nunua kwa jina lako, na kabla hujatoa hata senti fanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi na uwaulize majirani wa kiwanja mmoja mmoja nani mwenyewe. Mpwa mwambie kwa upole, yeye ndo atakusimamia ujenzi na utamlipa. Na ile habari ya kuganda niliyomwandikia dada wa Leicester hapo juu inakuhusu pia.

SWALI: Mimi ni Mkenya Minnesota, raia wa hapa, nataka kurudi Eldoret nikifika 67. Na sisi yetu inaganda?

JIBU: Haigandi. Social Security, pensheni ya serikali ya Marekani, inakufuata na nyongeza yake ya kila Januari, 2025 ilikuwa asilimia 2.5. Kwenu shida ni Medicare, bima ya afya ya wazee ya serikali, haikulipii matibabu Kenya. Utashawishika kuacha ile Part B, sehemu yake ya kulipia madaktari, ili usilipe bure kila mwezi, lakini ukija kurudi Marekani ukiwa mgonjwa na miaka 75, utalipishwa asilimia 10 zaidi kwa kila mwaka mzima uliokaa bila, na hiyo adhabu haiondoki. Kama watoto wako wako huko na unajua ukizidiwa watakuita, endelea kuilipa.